Ngoma Haifufuliwi kwa Dakika Tano

Pale Mikumi, mbele ya wageni waliotoka kutazama tembo, niliona ngoma ya matanga ikichezwa kwa tabasamu. Vijana walitikisa mabega, wakapigiwa makofi, na baada ya dakika tano wakashuka. Ati wamefufua utamaduni! Mimi nasema wameuzika.

Mtaniambia kwamba jukwaa haliwezi kubeba uchungu. Si kweli. Mwaka 1975 Mjerumani Pina Bausch alitunga ngoma ya msichana anayecheza mpaka kufa, juu ya jukwaa lililotandazwa udongo. Mwaka 2020 wachezaji 38 wa Kiafrika waliifufua huko Senegal, katika shule ya Germaine Acogny. Wachezaji wa zamani wa Bausch waliwafundisha hatua kwa hatua, na hofu ile haikupunguzwa hata chembe. Kwa nini basi kilio cha bibi zetu kikatwe vipande?

Kosa hili nalijua, kwa maana nililitenda. Nikiwa mwalimu mkuu Kilosa, nilimwita bibi mmoja awafundishe wanafunzi ngoma ya kwao kwa ajili ya mgeni rasmi. Akaniuliza, "Mwanangu, amekufa nani?" Nikacheka, nikampa dakika tano. Hakurudi tena. Chuo cha ualimu kilinifundisha kupanga watoto mistari. Hakikunifundisha kuuliza ngoma inalia nini.

Ninyi wenye vikundi, waulizeni wazee kwanza: huchezwa lini, na kwa nini? Kama hamuwezi kuicheza na uchungu wake, iacheni ilale.