Mnawacheka Wasiostahili

Leo naomba niwatetee watu wanaochekwa.

Nawazungumzia mashabiki wa Star Trek, hasa kule Marekani. Wale wanaoagana kwa kuinua kiganja, vidole viwili huku na viwili kule, na kusema "uishi miaka mingi na ufanikiwe". Wale ambao lifti ikichelewa wanamwomba Scotty awanyanyue. (Kwa taarifa yako, kwenye tamthilia ya kwanza hakuna anayetamka sentensi hiyo kama watu wanavyoisema. Lakini inaishi.) Kila picha yao ikitoka, utasikia mtu anasonya: watu wazima hawa, hawana maneno yao wenyewe?

Swali zuri. Wewe unayo?

Sisi wasemaji wa Kiswahili tungekuwa wa mwisho kuuliza. Hoja ikitukwama tunakimbilia "wahenga walisema", na hakuna anayetudai majina ya hao wahenga. Mwanamke akiudhiwa na jirani wala hafungui mdomo, anajifunga khanga yenye maneno na kupita mlangoni kwake. Ujumbe umefika. Na sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video, nani hajawahi kumwambia rafiki aliyeponea chupuchupu kwamba "steringi hafi"? Binadamu anaongea kwa maneno ya kuazima. Kuna mambo mazito kuyasema kwa maneno yako mwenyewe, kama kumwambia mwanamume mwenzio kwamba unamtakia heri. Mwenye haya anainua kiganja, mambo yanakwisha.

Tena hiyo salamu yenyewe iliazimwa. Leonard Nimoy, aliyeigiza Spock, alikuwa mtoto wa Kiyahudi wa Boston. Siku moja ndani ya sinagogi, wakati makuhani wanatoa baraka na waumini hawatakiwi kutazama, yeye akachungulia. Akaona mikono imekaa hivyo. Mwaka 1967, ilipohitajika salamu ya watu wa sayari ya Vulcan, akaikumbuka. Kwa hiyo anayemcheka shabiki anacheka baraka ya kale bila kujua. Nimoy alipofariki Februari 2015, mwanaanga Terry Virts alikuwa kwenye kituo cha kimataifa cha anga. Akaupiga picha mkono wake ukitoa salamu ile dirishani, dunia ikionekana chini. Hapo sikusikia wa kusonya.

Na sisi tuna hisa humo ndani, msisahau. Afisa wa mawasiliano wa chombo kile, Luteni Uhura, jina lake limetoka kwenye neno letu uhuru. Kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, Septemba 8, 1966, kina mahali Uhura anasemeshwa Kiswahili. Mwaka 1966! Mwanamke mweusi kwenye televisheni ya Marekani, si mpishi wala mfagizi, ni afisa. Nichelle Nichols aliyeigiza nafasi hiyo alisimulia mara nyingi kwamba alitaka kuacha, akakutana na Martin Luther King, naye akamsihi abaki. Akabaki. Kuanzia mwaka 1977 akaifanyia NASA kazi ya kuwashawishi wanawake na watu weusi waombe nafasi za uanaanga.

Septemba 1992 Mae Jemison akawa mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani. Utotoni alikuwa akimtazama Uhura. Kule juu, kila alipoanza zamu yake, aliwaambia wa chini maneno ya Uhura, kwamba njia za mawasiliano ziko wazi. Mcheke huyo basi. Daktari, mhandisi, mwanaanga, anaongea kama mtu wa kwenye televisheni. Neno lilianzia kwa mwigizaji aliyekaa kwenye meza ya mbao na taa za rangi, likamaliza safari kwenye chombo cha kweli. Hilo ndilo neno la kuazima likifanya kazi.

Sasa njooni upande wa pili, maana ndiko hasira zangu ziliko.

Machi 1996, huko Little Rock, Arkansas, kwenye kesi iliyotokana na sakata la Whitewater, mwanamke mmoja aliyekuwa mzee wa baraza wa akiba alikuwa akija mahakamani amevaa sare ya maafisa wa Star Trek. Alieleza kwamba anapenda yale tamthilia inayoyasimamia: amani, kuvumiliana, watu wa kila aina kukaa pamoja. Akaondolewa kwenye kesi, na sababu iliyotolewa ni kwamba alizungumza na mwandishi wa televisheni. Sawa, sheria ni sheria. Lakini watu wanachokumbuka ni sare tu. Alichekwa nchi nzima.

Sasa mlinganishe na Jenerali Keith Alexander. Kabla hajawa mkuu wa shirika la ujasusi la NSA mwaka 2005, aliongoza kamandi ya ujasusi ya jeshi huko Fort Belvoir, Virginia. Jarida la Foreign Policy liliandika mwaka 2013 kuhusu chumba alichokuwa akiwatembeza wageni wakubwa pale. Kilikuwa kimejengwa kuiga sebule ya kuongozea chombo cha Enterprise. Skrini kubwa mbele, milango inayofunguka kwa mlio kama wa kwenye televisheni, na katikati kiti cha kapteni. Wabunge waliokwenda kukagua kazi walikikalia kwa zamu, wakijifanya Kapteni Picard.

Rudia kusoma hapo. Watu waliotumwa na wananchi kumuuliza mkuu wa ujasusi maswali wanakalia kiti cha maigizo na kufurahi. Kuna atakayeuliza unasikiliza simu za nani? Umeshamgeuza mkaguzi kuwa steringi, na steringi haulizi maswali ya bajeti na mipaka ya sheria. Juni 2013 nyaraka za Edward Snowden zikaonyesha kwamba NSA chini ya jenerali huyo huyo ilikuwa ikikusanya kumbukumbu za simu za mamilioni ya Wamarekani. Mei 2015 mahakama ya rufaa ikasema ukusanyaji ule haukuruhusiwa na sheria waliyokuwa wakiitegemea.

Mama wa sare alichekwa. Mwenye kiti alipigiwa saluti.

Na kuna kitu kinachonichoma zaidi. Mashabiki halisi wanajua kwamba kwenye tamthilia ile ipo Kanuni Kuu inayomkataza kapteni kuingilia maisha ya jamii nyingine hata akiwa na nguvu za kufanya hivyo. Vipindi chungu nzima vinahusu kapteni anavyohangaika na kanuni hiyo. Wa Fort Belvoir wakaiga kiti na mlio wa mlango, kanuni wakaiacha studio. Hata lile neno la maadui wa Borg, kwamba kupinga ni kazi bure, Picard analitamka mwaka 1990 akiwa ameshatekwa na kugeuzwa mmoja wao. Ni neno la mateka. Bosi anayelitumia kikaoni kutangaza mfumo mpya kazini hajui kwamba amejitaja yeye ndiye adui.

Mtaniambia, basi tatizo si kuiga. Ndiyo! Ndicho ninachosema tangu mwanzo. Muulizeni anayeiga kama anakijua alichokichukua, na kama neno lile linafungua mlango au linaufunga. La Jemison lilifungua. Lile la mwenye haya anayeinua kiganja linafungua kidogo, kiasi chake. Kiti cha Fort Belvoir kilifunga, tena kwa mlio mzuri.

Sisi waandishi tuna lawama yetu. Ni rahisi kwenda kwenye mkutano wa mashabiki na kamera, ukampata mtu mnene mwenye masikio ya plastiki, ukarudi na habari ya kuchekesha. Hakuna atakayekupigia simu ya vitisho. Kuingia kwenye chumba cha mkubwa na kuandika kwamba nacho ni jukwaa la maigizo, hapo pana kazi. Tunachagua cha rahisi halafu tunakiita ucheshi.

Mimi nitaendelea kuagana na marafiki zangu kwa vidole vinne vilivyogawanyika. Cheka ukitaka. Ila ukimaliza kunicheka, angalia nani amekaa kwenye kile kiti, na ukamuulize.