Maji machafu ya mji yanaenda wapi?

Juma hili tunazungumzia maji ambayo hakuna anayependa kuyataja: ya choo, ya kufulia, ya kuoshea sahani. Tunayamwaga, yanapita mferejini, tunasahau. Lakini katika miji yetu ya kando ya Kivu na Tanganyika maji hayo yanateremka mpaka ziwani, na kesho yake watoto wetu wanateka humo na bidoni zao. Ndiyo njia mojawapo ambayo kolera inaturudia.

Je, maji ya choo yanaweza kusafishwa kweli? Yanaweza. Tutazame Windhoek, mji mkuu wa Namibia, nchi ya ukame. Tangu 1968 mji huo unasafisha maji yake machafu mpaka wenyeji wanayanywa tena. Ulikuwa wa kwanza duniani kufanya hivyo. Kiwanda kipya cha 2002 kinaweza kutoa mita kubiki 21,000 kwa siku, ni kusema zaidi ya bidoni milioni moja za litri 20.

Kazi inafanyika hatua kwa hatua. Kwanza takataka zinachujwa, na tope linaachwa litulie chini. Kisha maji yanapulizwa hewa, ili vijidudu fulani vile uchafu uliobaki. Hapo yanaonekana safi, lakini si ya kunywa bado. Yanapita tena kwenye dawa inayokusanya uchafu mdogo, kwenye mchanga, ozoni, makala yaliyotayarishwa maalum, na vichujio vya matundu madogo sana. Mwisho ni klori. Mlango mmoja ukishindwa, mwingine unazuia. Maji ya viwanda yanatengwa na ya nyumbani, kwa kuwa sumu zake ni ngumu kutoa. Na vipimo vikionyesha kasoro, maji hayapelekwi mjini.

Hatusemi tujengewe kiwanda kama hicho kesho. Chombo kinachaguliwa kufuatana na mahali. Mashine za hewa zinataka umeme usiku na mchana. Ukikatika siku nyingi, vile vijidudu vinakufa na maji yanatoka machafu. Mabwawa ya wazi, ambamo jua na muda vinafanya kazi, hayahitaji umeme. Lakini yanataka uwanja mkubwa, na kwenye vilima vyetu uwanja ni shida.

Kwa hiyo mradi ukiletwa katika kartie, wamama tusipige makofi tu. Tuulize:

1. Maji mangapi yataingia kwa siku, hata wakati wa mvua kubwa?
2. Umeme ukikosekana itakuwaje, na nani atalipa dawa na fundi wafadhili wakiisha kuondoka?
3. Tope litakalobaki litatupwa wapi?
4. Nani atapima maji yanayotoka, na matokeo tutayasoma wapi?

Swali la nne tusiliache, maana macho hayatoshi. Glasi ya maji maangavu inaweza kubeba kolera. Katika laboratware wanahesabu mikrobu za mavi. Pia wanayaweka maji siku 5 na kupima oksijeni iliyoliwa: ikiliwa nyingi, uchafu bado ni mwingi. Mama ambaye hakusoma sana anaweza kuelewa namba hizo akielezwa vizuri, na ni haki yake kuelezwa.

Tukingojea, kazi ya nyumbani inabaki mikononi mwetu. Choo kiwe mbali na kisima, angalau mita 30, na kiwe upande wa chini. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klori kwa kipimo. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula.

Vikundi vyetu viandike maswali yale manne kwenye daftari la mkutano. Siku wakubwa wa komine watakapokuja na karatasi za mradi, katibu ayasome kwa sauti, na majibu yaandikwe mbele ya wote.