Mtengeneza Kofia wa Elisi na zebaki ya jikoni kwetu

Mama wenzangu wa Nachingwea na Ruangwa! Baadhi yenu mliniomba kitabu cha kuwasomea watoto usiku. Leo nataja kimoja: Elisi katika Nchi ya Ajabu. Nina sababu yangu ya kinesi, mtaiona.

Kisa chenyewe kilianzia kwa mtoto wa kweli. Tarehe 4 Julai 1862, kule Oxford, Uingereza, mwalimu wa hesabu tunayemjua kwa jina la Lewis Carroll aliwapandisha mashua watoto watatu wa familia moja, na njiani akawatungia hadithi. Mmoja wao, Alice Liddell, alikuwa na miaka 10. Ndiye aliyemng'ang'ania aiandike. Kitabu kikatoka 1865. Kwa Kiswahili kilitoka 1940, na humo Elisi amechorwa kama binti wa huku kwetu, jambo linalonifurahisha sana. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis, Mtanzania anayefundisha Kiswahili London, akakitafsiri upya: Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu.

Sasa humo ndani yumo Mtengeneza Kofia. Chai yake haiishi, kitendawili chake hakina jibu, na mahakamani anatetemeka mpaka viatu vinamvuka. Wapo wanaosema alitokana na muuza fanicha mmoja wa Oxford, Theophilus Carter. Kitabu chenyewe hakitaji ugonjwa wowote. Lakini Waingereza walikuwa tayari na msemo wa kumfananisha kichaa na mtengeneza kofia, na mafundi kofia wa zama zile waliugua kweli jamani. Manyoya ya sungura yalipakwa dawa yenye zebaki ili yashikamane, nao wakavuta mvuke wake vyumbani, miaka nenda rudi. Mikono ikatetemeka. Kumbukumbu ikapotea. Mtu mpole akawa mkali, mwingine akawa anaogopa watu. Marekani waliachana na zebaki kwenye kofia mwaka 1941.

Sisemi msisome. Someni, chekeni. Ila mtoto akiuliza mbona yule baba anatetemeka, mwambie habari za zebaki, maana kwetu bado ipo. Baba watoto anatoka machimboni na donge la dhahabu iliyonaswa na zebaki, na wapo wanaolichomea nyumbani, kwenye kikaangio, mama mjamzito yuko pembeni anachagua mchele. Mvuke ule hauonekani, wala hauna harufu. Unaingia mapafuni, unapita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto tumboni, ambaye ubongo wake ndiyo kwanza unajengeka.

Na tusiwasingizie wanaume peke yao. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zina zebaki. Inapenya kwenye ngozi, inaumiza figo, na mtoto unayemlaza kifuani naye anaipata. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na vipodozi vyenye zebaki ni marufuku, lakini mkorogo wa kopo lisilo na lebo mnajua wenyewe unapatikana wapi. Penye lebo, tafuteni maneno mercury, calomel au Hg. Ukiliona, acha kuipaka, funga kopo vizuri, na ukija kliniki tuambie ulikuwa unatumia nini. Hatukugombezi.

Maoni yangu ni kwamba elimu ya zebaki isiishie machimboni. Iletwe kliniki ya wajawazito, izungumzwe pale pale tunapogawa vyandarua na vidonge vya kuongeza damu. Mwanaume anaambiwa machimboni, anasahau njiani. Mwanamke ndiye anayejua jiko lina nini.

Mashemeji zangu mnaosoma hii kwenye simu za wake zenu, najua mpo. Dhahabu ichomwe mbali na nyumba, kwa kifaa kinachonasa mvuke, watoto na wajawazito wasiwepo. Zebaki isihifadhiwe chumbani wala kwenye chupa ya soda. Nguo za machimboni zivuliwe huko huko, zisifuliwe beseni moja na nepi. Na kikaangio kilichochomea dhahabu hakirudi kukaangia mayai, hata mkikisugua kwa majivu siku nzima.