Mambo ya Nyumba: Projekteri ya bei chini



Mama mmoja wa hapa Lubumbashi alikuja kwangu pamoja na bwana yake, mfanyakazi wa mgodi. Baba aliona mjini projekteri ndogo ya dola 90, katoni imeandikwa «1080p». Anasema: «Pasta, watoto wabaki nyumbani jioni, tuwe na sinema yetu.» Mama naye: «Hizi dola 90 ni za minervali.» Mimi si fundi, lakini kanisani tulipotezaga makuta kwa chombo cha namna ile, njo maana nilikubali kwenda nao dukani.

Wazee wetu wanajua sinema. Mu makambi ya Union Minière filimu zilionyeshwa usiku, watu wanakaa inje mbele ya kitambaa cheupe. Zile mashine zilikuwa kubwa na mwangaza wa kweli. Hizi ndogo za leo, usizipime kwa katoni.

Ile «1080p» mara nyingi inasema tu kama mashine inaweza kupokea filimu ya namna hiyo. Haisemi itaionyesha vile. Picha kamili ya 1080p iko na vinukta 1920 kwa mapana na 1080 kwa kimo, ni zaidi ya milioni 2. Tulifungua kitabu kidogo cha ndani, tukatafuta neno «native». Tukakuta 800 × 480, maana yake vinukta 384.000. Haifiki hata moja ya tano! Filimu nzuri inaingia, kiisha inafinywa. Sura za watu utaziona, lakini maandishi madogo yanakuwa shida.

Muuzishaji alituonyesha katuni za rangi kali, mu pembe yenye giza, picha ya mapana ya mita moja tu. Ilipendeza, hata mama alicheka. Nikamwomba asogeze mashine nyuma mpaka picha ifike mita 2. Mwangaza ni ule ule, lakini unatandazwa juu ya nafasi mara 4, basi kila mahali panabaki robo. Kiisha tukatia kle yetu, filimu ambamo watu wanatembea usiku. Hatukuona mtu. Tuliona paka giza.

Na hesabu kubwa za «lumens» kwenye katoni, usizifuate. Tafuta «ANSI lumens», hizo zinapimwa kwa kanuni. Kama haziko, amini macho yako.

Delestaji tunaijua sisi wote. Ile mashine ilikuwa ya wati 60, imeandikwa nyuma. Batri ya volti 12 na Ah 100, ukitumia nusu yake tu, inaweza kuipeleka karibu masaa 8, kwa sababu konvertiseri nayo inakula kidogo. Umeme ukikatika, toa mashine mu prizi, maana ukirudi unaweza kurudi na nguvu mbaya. Tena kuna vumbi letu la kiangazi. Feni inalivuta, linashika kioo cha ndani, na utaona madoa ukutani. Uliza kama ndani imefungwa vizuri. Nyingi za bei chini hazifungwi.

Niliwaambia wazi: kwa chumba kidogo chenye giza, picha isipite mita moja na nusu, inaweza kusaidia. Kwa sinema ya lupango nzima, hapana.

Baba hakufurahi. Akauliza ingine. Wakaleta yenye «native» 1280 × 720, na kweli watu wa usiku wakaonekana, hata kofia zao. Bei: dola 170. Baba akamtazama bibi yake. Mama akasema pole pole: «Baba, tulipe shule kwanza. Hii tutaifuata kiisha.» Alinyamaza sana yule baba, halafu akarudisha katoni juu ya meza.

Ile kle yenye filimu ya usiku iko kwangu. Mwenye kwenda kununua, apite kuichukua.