SAA YA FUKO

Ndugu msomaji, ikiwa una kijishamba cha mihogo au viazi nje ya mji, bila shaka unamfahamu fuko kwa hasara anayokutia kuliko kwa sura yake. Unakuta rundo jipya la udongo laini, unang'oa mhogo na kuuona umegugunwa. Lakini mwenyewe humwoni.

Mnyama huyu huishi takriban maisha yake yote chini ya ardhi. Huchimba kwa meno ya mbele, yaliyochomoza nje ya midomo ili udongo usimwingie kinywani. Macho yake ni madogo mno, na milango ya njia zake huiziba kwa udongo. Je, aishiye gizani namna hiyo hujuaje kwamba kumekucha?

Wengi wetu tungejibu kwamba kwake usiku na mchana ni mamoja. Sivyo. Nchini Malawi wataalamu waliwanasa mafuko wa rangi ya fedha, ambao hupatikana pia Tanzania, Kenya na Msumbiji. Waliwavisha shingoni mitambo midogo ya redio, wakawarudisha mashimoni mwao, kisha wakawafuatilia kutoka juu ya ardhi, wakiandika kila mmoja yuko wapi na saa ngapi.

Ikadhihirika kwamba fuko ana ratiba. Sehemu kubwa ya saa 24 hukaa katika chumba chake cha kulala. Akitoka kwenda kazini, aghalabu hutoka mchana, na kazi hupamba moto baada ya adhuhuri. Yumkini joto la udongo ndilo linalompasha habari, kwani joto la jua hupenya ardhini polepole na kumfikia aliye chini kwa kuchelewa.

Huko Argentina yuko mchimbaji mwingine, aitwaye tuko-tuko. Akifungiwa maabarani, hulala mchana na kukesha akikimbia katika gurudumu. Kumbe porini shughuli zake ni za mchana! Mnyama ni yuleyule. Yaliyobadilika ni mazingira anamoishi.

Sisi nasi tunayo saa mwilini. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kufafanua jinsi saa hiyo inavyokwenda ndani ya chembe hai. Lakini kwa binadamu mwanga ndio unaoirekebisha kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo penye taabu ya mfanyakazi wa zamu ya usiku. Mlinzi, muuguzi au fundi wa kiwandani hurejea nyumbani alfajiri akiwa hoi, na papo hapo jua linauambia mwili wake kwamba sasa ni wakati wa kuamka. Usingizi wake huwa mfupi tena mwepesi. Akiwa mkali au mzito wa kuitika, msimwite mvivu.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako yupo mfanyakazi wa namna hiyo, pazia zito litundikwe dirishani. Redio ipunguzwe sauti, watoto wachezee mbali na chumba chake, na mgeni aombwe arudi jioni. Fuko huziba mlango wake mwenyewe. Mwenzetu huyu anahitaji wa kumzibia.