Hesabu ya Watu Iliyozaa Baraza

Wengi hudhani ya kuwa Serikali ikiwahesabu watu haina nia nyingine ila kodi. Dhana hiyo haikuzuka bure, lakini mambo yaliyotokea katika visiwa vya Ufilipino yafaa kufikiriwa.

Uspania ilivitawala visiwa hivyo miaka zaidi ya 300. Mwaka 1898 ilishindwa vitani na Marekani, ikavitoa kwa dola milioni 20. Wenyeji, waliokuwa wamejitangazia uhuru mwaka ule ule, hawakukubali kubadilishiwa bwana, wakapigana na Wamarekani tangu Februari 1899. Julai 1902 Rais Roosevelt alitangaza kuwa vita vimekwisha, ingawa mahali pengine vilikuwa havijesha.

Mwezi huo huo Marekani ilitunga sheria yenye ahadi: watu wahesabiwe, na hesabu ikisha kuchapishwa, miaka miwili ikapita kwa amani, wenyeji wachague Baraza lao. Ahadi hiyo ilikuwa na werevu wa mtawala ndani yake, kwani aliyeshika bunduki jana alitakiwa leo atulie nyumbani aandikwe jina.

Siku ya hesabu ilikuwa 2 Machi 1903. Kipindupindu kilikuwa kikiua watu tangu mwaka uliotangulia. Makarani walikuwa maelfu, karibu wote Wafilipino, nao ndio waliojua lugha na njia za kwao. Karani mgeni angalibishaje hodi katika kijiji kilichotoka vitani? Jumla ilikuwa watu 7,635,426. Kati yao 647,740, wengi wao wa milimani na Waislamu wa kusini, waliandikwa kuwa ni “washenzi”, na idadi yao kwa sehemu kubwa ilikisiwa tu. Neno hilo la daftarini halikuwa dogo: nchi zao hazikupewa mjumbe.

Hesabu ilichapishwa mwaka 1905, na uchaguzi ukafanywa 30 Julai 1907. Waliojiandikisha kupiga kura hawakuzidi sana 100,000. Ilimpasa mtu awe mwanamume wa miaka 23 au zaidi, tena awe na mali, au ajue kusoma na kuandika Kihispania au Kiingereza, au awe amepata kushika cheo zamani za Waspania.

Wajumbe 80 walikutana Manila 16 Oktoba 1907, wakamchagua Sergio Osmeña kuwa Spika. Wengi wao walikuwa wameomba kura kwa kudai uhuru. Uhuru wenyewe ulipatikana 4 Julai 1946.