Ufunguo wa Pili wa Gari Ukae kwa Nani?

Katika nyumba nyingi zilizobahatika kuwa na gari, ufunguo unaotumika ni mmoja, na ufunguo huo hutembea na baba. Akienda shambani uko naye, akienda mnadani uko naye. Akipanda basi kwenda Arusha na kuliacha gari uani, ufunguo nao umekwenda Arusha. Jambo hili limezoeleka mno hata halionekani kuwa ni jambo. Safu yetu leo inataka kulitazama, maana magari tunayonunua siku hizi si yale ya zamani, na ufunguo wake si kipande cha chuma tu.

Tuchukue mfano wa Kansay, kata mojawapo ya wilaya ya Karatu, mkoani Arusha. Huko ni nchi ya Wairaqw, watu wa jembe na ng'ombe, na nyumba zao hazikubanana kama za mjini. Mwenye gari katika kitongoji cha namna hiyo hana gari lake peke yake: shida ikitokea, ni gari la wote. Mama akishikwa na uchungu usiku wa manane watu hawaulizi gari ni la nani, huuliza liko wapi. Basi tufikiri kwamba gari liko pale pale uani, lina mafuta, na kijana wa jirani mwenye leseni amekwisha kuamshwa. Hospitali iko Karatu mjini. Lakini mwenye gari yuko Arusha, kiasi cha kilomita 140 kutoka mji huo wa Karatu, na ufunguo umo katika mfuko wa koti lake.

Miaka ya 1970 shida hiyo ingepatiwa dawa kwa dakika tano. Ufunguo wa Land Rover za siku zile haukuwa na kazi nyingine ila kuunganisha umeme wa betri na injini. Aliyejua nyaya mbili za chini ya dashibodi aliweza kuziunganisha mwenyewe, na kama stata haikuwa na nguvu, wanaume wanne walilisukuma gari mteremkoni likawaka. Leo kijana huyo ataunganisha nyaya mpaka jogoo awike. Injini itazunguka, pengine itanguruma kwa sekunde moja au mbili, kisha itazima. Gari si bovu. Limekataa tu kumtii mtu lisiyemtambua.

Siri yake imo katika kichwa cha plastiki cha ufunguo. Ndani yake mna chipu ndogo, katika funguo nyingine haizidi punje ya mpunga. Chipu hiyo haina betri. Kuzunguka tundu la swichi kuna koili ya waya, na ufunguo unapoingizwa na kuzungushwa, koili hiyo hutoa mawimbi yanayoipa chipu umeme kidogo, kiasi cha kuiwezesha kutamka namba yake ya siri. Kontrolboksi ya injini husikiliza. Namba ikiwa ni ile iliyoandikwa katika kumbukumbu yake, huruhusu mafuta na cheche. Isipokuwa hiyo, hufunga. Mafundi wetu huuita mtambo huo imobilaiza. Umoja wa Ulaya uliulazimisha kwa magari mapya tangu mwaka 1998, kwa sababu wezi wa huko nao walizijua vizuri zile nyaya mbili. Ndiyo maana ufunguo wa chuma kitupu, hata ukichongwa sawasawa na ule wa awali, utafungua mlango lakini hautawasha injini.

Rimoti ni jambo jingine, ingawa aghalabu hukaa katika kichwa hicho hicho cha ufunguo. Hii ina betri yake, ile ya duara kama kifungo cha koti, na kazi yake ni kufungua na kufunga milango kwa mbali. Ni redio ndogo ya kurushia matangazo. Magari mengi ya Japani hutumia masafa yaliyo karibu na megahezi 315, na ya Ulaya megahezi 433. Msomaji aliyewahi kupanda gari lililotoka Japani bila kufanyiwa marekebisho ataelewa upesi, kwani redio yake ya FM huishia megahezi 90 na stesheni zetu nyingi hazisikiki mpaka fundi aweke kifaa cha kubadili masafa. Vivyo hivyo rimoti ya Ulaya haiwezi kusemeshana na gari la Japani, hata kama muuzaji wa dukani anaapa kwamba zinafanana. Zinafanana sura tu.

Wengine watauliza: je, jirani mwenye gari kama langu hawezi kulifungua langu kwa rimoti yake? Hawezi. Kila rimoti ina utambulisho wake, na kila unapobonyeza, neno la siri linalorushwa ni jipya. Mtambo mmoja uliosambaa sana duniani, uitwao KeeLoq, ulibuniwa hapa hapa barani Afrika. Kampuni ya Nanoteq ya Afrika Kusini iliutengeneza katika miaka ya 1980, na mwaka 1995 ukauzwa kwa kampuni ya Microchip ya Marekani. Sehemu ya neno lake inayobadilika yaweza kuwa na sura zaidi ya bilioni 4. Rimoti huhesabu mibonyezo yake, na gari nalo huweka hesabu yake. Mwizi aliyelinasa neno la jana akilirusha leo, gari humpuuza kwa kuwa hesabu imekwisha kupita.

Hapa ndipo watoto wanapoingia katika habari yetu. Mtoto akiachiwa rimoti akaketi nayo chini ya mti na kuibonyeza mchana kutwa, mbali na gari, hesabu ya rimoti huenda mbele na ya gari hubaki nyuma. Gari huvumilia mibonyezo michache iliyopotea. Katika KeeLoq kawaida ni kama 16. Ikizidi hapo, mlango haufunguki kwa mbonyezo wa kwanza, na baba huanza kumlaumu fundi. Mara nyingi yatosha kubonyeza mara mbili mfululizo karibu na gari, na hesabu zikakutana tena. Zikikataa kabisa, ndipo fundi ahitajike.

Sasa kuna funguo za aina ya tatu, zile ambazo mtu hazitoi mfukoni kamwe. Dereva akishika kitasa, gari huita kwa mawimbi yasiyofika mbali, mita moja hivi, na ufunguo hujibu kwa redio kwamba upo. Mlango hufunguka. Akiisha kuketi hukanyaga breki, hubonyeza kitufe, na injini huwaka. Mercedes-Benz walikuwa miongoni mwa watangulizi wa mtindo huu mwishoni mwa miaka ya 1990. Leo umo hata katika magari madogo yaliyotumika yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam.

Raha hiyo ina gharama yake. Mwaka 2011 wataalamu wa chuo cha ufundi cha Zurich, Uswisi, walitangaza matokeo ya majaribio yao juu ya magari 10 ya watengenezaji 8. Waliweka antena moja karibu na gari na nyingine karibu na mwenye ufunguo, wakayapokeza mawimbi kutoka huku hadi kule, na magari yote yakadanganyika kwamba mwenyewe amefika. Wizi wa namna hiyo umeisumbua sana Uingereza. Kinga yake ni rahisi: mkebe wa bati wenye kifuniko cha bati kinachobana, kama ule wa biskuti, huyazuia mawimbi hayo. Msomaji aujaribu kwanza, aende na mkebe hadi mlangoni pa gari aone kama litaitika. Tena, mahali penye watu wengi, usiondoke kabla ya kuvuta kitasa kwa mkono, maana wako wezi wanaovuruga mawimbi ya rimoti, ukaenda zako ukidhani umefunga.

Hata hivyo, kwa mtu wa Kansay mwizi mwenye antena mbili si adui wa kwanza. Adui wa kwanza ni betri ya duara iliyokwisha. Hufa polepole. Kwanza rimoti hufanya kazi kwa hatua ishirini, kisha kwa hatua tano, kisha huna budi kubonyeza mara tatu. Baridi ya alfajiri ya Juni na Julai, ambayo watu wa nyanda zile wanaifahamu, huifanya betri iliyochoka ichoke zaidi. Vumbi jekundu nalo hupenya katika vitufe. Namba ya betri imeandikwa juu yake, mara nyingi CR2032, lakini ziko nyembamba na ndogo zaidi, na ile isiyo yake haikai. Soma namba kabla ya kwenda dukani, na ununue mbili.

Ikifa kabisa ukiwa njiani, usivunje kioo. Ndani ya ufunguo wa kisasa, hata ule ulio kama kijiwe kisicho na chuma, mmefichwa ufunguo mdogo wa chuma. Tafuta kitufe kidogo au kijino cha pembeni, kisukume, uuvute. Tundu lake liko mlangoni kwa dereva. Katika magari mengine limefunikwa na kipande cha plastiki karibu na kitasa, nawe huna budi kukibandua. King'ora huenda kikalia. Kiache kilie, ingia ndani. Sasa kanyaga breki na uguse kitufe cha kuwashia kwa ufunguo wenyewe uliokufa. Katika magari mengi, Toyota na Nissan zikiwamo, kitufe kitaipa chipu umeme kama ile koili tuliyoieleza. Ukisikia mlio au ukiona taa, bonyeza kitufe upesi. Magari mengine yana kitundu cha kuuchomeka, au alama pembeni mwa usukani. Kitabu cha gari hueleza, lakini vitabu vingi vya magari yetu vimeandikwa Kijapani, kwa hiyo jaribio lifanyike mchana nyumbani, si usiku porini.

Haya yote yanatufikisha kwenye ufunguo wa pili. Magari yaliyotumika mara nyingi hutufikia yakiwa na ufunguo mmoja, na mnunuzi kwa furaha yake haulizi. Aulize. Kutengeneza wa pili wakati wa kwanza upo ni kazi ya kawaida: fundi huchonga chuma, kisha huutambulisha ufunguo mpya kwa gari akitumia kompyuta yake. Katika baadhi ya Toyota za zamani kidogo, ufunguo wenye kichwa cheusi ndio mkuu na wenye kichwa cha kijivu ni wa msaidizi. Ule mkuu waweza kuliamuru gari lipokee mwingine, wa kijivu hauwezi. Lakini ukizipoteza zote, gari halina tena anayelijua. Fundi atalazimika kuifuta kumbukumbu ya imobilaiza, au kuifungua kontrolboksi yenyewe, au kuibadilisha, na gari huenda likavutwa kwa kamba hadi mjini. Gharama ya hayo haifanani hata kidogo na ile ya kuchonga ufunguo wa ziada. Ikiwa ulipewa kibati chenye namba ya ufunguo, kitunze nyumbani, kamwe si ndani ya gari. Namba hiyo humwezesha fundi kuchonga chuma bila kuona ufunguo wa awali. Na kama gari umelinunua mkononi mwa mtu, mwombe fundi azifute kumbukumbuni funguo zote ambazo hukukabidhiwa.

Ukae kwa nani, basi? Wako wanaouficha chini ya kiti, na hao wameufungia msaada mahali pasipofikika. Wako wanaoufunga kwa waya chini ya bodi; wezi wamezijua sehemu hizo kabla yetu. Ufunguo wa aina ya tatu ndio usithubutu kuuficha garini, kwani yeyote atakayefika ataweza kuliwasha. Wala usiutundike ukutani jirani na gari linapolala, kwa sababu ukiwa karibu nalo wakati wote huitana nalo usiku kucha na betri huisha mapema.

Maoni ya safu hii ni kwamba ufunguo wa pili ukae kwa mama wa nyumba, mikononi mwake na kwa idhini iliyotamkwa mbele ya watu wa nyumbani. Najua liko neno litakalosemwa, kwamba mama hajui kuendesha. Hatuzungumzii kuendesha. Usiku ule wa uchungu dereva alikuwapo. Aliyekosekana ni mtu mwenye ruhusa ya kutoa ufunguo. Kama mama ndiye mgonjwa, awepo mwingine anayejua ulipo: bibi, mwana mkubwa, au jirani mliyeaminiana miaka mingi.

Na kila mwezi, siku moja ya mapumziko, ufunguo huo utolewe mkebeni. Fungueni mlango kwa kile kichuma kilichofichwa, washeni injini, lisogezeni gari hatua chache na kulirudisha. Kisha mama aupokee, aufunike mkebeni, na yule kijana wa jirani aoneshwe tundu la mlango liko wapi.